Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Gerlingen na Watu Wake

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na wageni mliofika kutusikiliza,

Nawasalimu nyote. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla mweka hazina hajasoma hesabu na kabla hatujaingia kwenye uchaguzi. Mambo ya ndani ya chama nitayapitia haraka. Kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu ni moja, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumza kwa kirefu.

Chama kiko imara. Darasa la Kiswahili la watoto limeendelea kila Jumamosi isipokuwa wakati wa likizo za shule, na walimu wake wote wanajitolea. Nawaomba tuwapigie makofi. Tumezika, tumeoza, tumewapokea watoto wachanga. Wanachama wapya wamejiunga, wengi wao wanafunzi waliotoka Tanzania na Kenya, pamoja na familia kadhaa zenye asili ya Bujumbura na Bukavu, na sasa mikutanoni kwetu kunasikika Kiswahili cha kila namna. Ada zimekuwa zikichelewa. Mweka hazina atalisema hilo mwenyewe, nami namuunga mkono kwa kila neno atakalolisema.

Sasa nije kwenye Gerlingen.

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati itafute jambo moja katika historia ya hapa tunapoishi, Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, linalotuhusu sisi tuzungumzao Kiswahili, ilichunguze, kisha ililete mbele yenu. Kamati haikuhangaika sana kuchagua. Gerlingen ni mji mdogo magharibi ya Stuttgart, katika wilaya ya Ludwigsburg, wenye wakazi takriban 20,000. Ukipanda treni ya U6 katikati ya Stuttgart ukakaa hadi mwisho wa njia, umefika. Baadhi yenu mnakwenda huko kila siku kwa sababu ya kazi, kwa kuwa makao makuu ya kampuni ya Bosch yako kilimani hapo, mahali paitwapo Schillerhöhe. Jina la Gerlingen limo katika maandishi tangu mwaka 797, ila hadhi ya mji imeipata mwaka 1958 tu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kilikuwa kijiji cha wakulima wa nafaka na mizabibu.

Katika kijiji hicho, ndani ya muda wa miaka mitano na miezi michache, walizaliwa watu wawili ambao kila mmoja alitumia maisha yake akiandika lugha za Afrika: Johannes Rebmann, aliyezaliwa tarehe 16 Januari 1820, na Johannes Zimmermann, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1825. Wa kwanza alikwenda Mombasa, wa pili akaenda Accra. Wote wawili walirudi Württemberg wakiwa wamechakaa kwa maradhi, wakafariki mwaka mmoja, 1876, wakipishana kwa wiki kumi. Kamati ilipoziweka tarehe hizi mezani, hakuna aliyependekeza mji mwingine.

Ili tuwaelewe, ilitubidi kwanza tuuelewe umaskini wa Württemberg ya wakati ule, jambo ambalo vijana wetu waliliona gumu kuamini. Wao wameikuta nchi ya viwanda na magari. Desturi ya huku ilikuwa kwamba mzazi akifariki, shamba hugawanywa sawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike. Ilikuwa haki, lakini kizazi baada ya kizazi vipande vikazidi kuwa vidogo, hadi mtu akabaki na mistari michache ya mizabibu isiyotosha kulisha nyumba. Kisha ukaja mwaka 1816. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka Aprili 1815, na majivu na gesi zake yakafifisha jua hata huku Ulaya. Kiangazi hakikuja, mazao yakaozea shambani, na watu wakafa njaa. Wengi walihama, wengine wakielekea Urusi na Kaukazi, wengine Marekani. Mfalme Wilhelm wa Kwanza, akitaka kuwazuia watu wake wasizidi kuondoka, aliwaruhusu Wapietisti kuanzisha kijiji chao chenye taratibu zake za dini. Kijiji hicho ni Korntal, kilichoanzishwa mwaka 1819, jirani kabisa na Gerlingen.

Wapietisti walikuwa Walutheri waliosisitiza moyo wa mtu binafsi na usomaji wa Biblia nyumbani. Jioni walikusanyika sebuleni kwa mmoja wao, mkulima na fundi na mjane pamoja, wakasoma na kujadili. Mtoto wa mkulima wa mizabibu alikulia katika mazoea ya kusoma maandiko neno kwa neno na kubishana juu ya maana yake. Mwaka 1815 kilikuwa kimeanzishwa Basel, Uswisi, chama cha wamisionari kilichopokea vijana wa aina hiyo hasa: waoka mikate, wafumaji, wana wa wakulima, wasio na fedha za kusoma chuo kikuu. Huko walifundishwa lugha za kale, jiografia na dini bila malipo. Kwa hiyo kijana maskini mwenye kichwa chepesi, aliyezaliwa Gerlingen mwaka 1820, alikuwa na mlango mmoja tu mpana mbele yake, na mlango huo ulielekea ng'ambo. Nalisema hili kwa sababu katika mjadala wetu baadhi ya wanachama waliwaona watu hawa kama mabwana waliotumwa na dola. Wakati ule hata dola ya Ujerumani haikuwapo. Walikuwa wana wa watu wa chini.

Rebmann alisoma Basel, kisha akachukuliwa na Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza, akamalizia masomo Islington, London. Alifika Mombasa Juni 1846. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, naye mtu wa Württemberg, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, aliyekuwa ametangulia mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika miezi ya mwanzo tu. Agosti 1846 wote wawili, homa ikiwa mwilini, walipanda Rabai, vilimani karibu na Mombasa, na kuanza kujenga.

Habari ambayo kila mtu anaijua kuhusu Rebmann ni ya tarehe 11 Mei 1848. Alikuwa njiani kwenda Uchagani na wapagazi wachache, yeye mwenyewe ameshika mwavuli badala ya bunduki, alipouona mlima wenye weupe kileleni. Akatambua kuwa ni theluji. Taarifa yake ilichapishwa London mwaka uliofuata, na mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, akaipinga kwa ukali: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, naye hakuaminiwa. Ubishi ulizimwa na safari za Karl Klaus von der Decken mwaka 1861 na 1862. Leo mmoja wa mito ya barafu ya Kilimanjaro unaitwa kwa jina la Rebmann, nao unazidi kupungua mwaka hadi mwaka.

Ninawaomba, ndugu zangu, tusiishie hapo. Safari za Uchagani zilikuwa tatu, katika miaka ya 1848 na 1849, na ya mwisho iliharibika: alitaka kupita Machame hadi Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga, mtawala wa Machame, alimchukulia mali aliyokuwa amebeba kwa ajili ya njia, akarudi pwani mikono mitupu. Baada ya hapo hakwenda tena bara. Krapf alitamani mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi upande wa pili wa bara. Rebmann aliona bora kukaa mahali pamoja na kuwajua watu. Walitofautiana sana kwa hilo. Krapf aliondoka mwaka 1853. Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, mzaliwa wa Bönnigheim, mji mwingine mdogo wa mizabibu kaskazini mwa hapa, aliondoka mwaka 1855. Rebmann na mkewe Emma, waliyeoana Misri mwaka 1851, wakabaki. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1857 Wamaasai walivamia eneo la Rabai, nao wakakimbilia Unguja kwa muda. Emma alifariki Rabai mwaka 1866. Rebmann akakaa. Jumla ni miaka 29, na miaka ya mwisho akiwa karibu kipofu.

Alifanya nini miaka yote hiyo? Waumini aliowapata walikuwa wachache mno, na wakubwa wake London walilalamikia hilo. Ukiniuliza mimi, nitakujibu kwamba aliandika maneno. Aliandika maneno ya Kirabai, akaandika ya Kiswahili, na akaandika kamusi ya lugha ambayo nchi yake hakuifikia kamwe. Jambo hili ndilo lililonigusa kuliko mlima, na nitalieleza kidogo.

Karibu na Rabai alikuwapo mtu aitwaye Salimini. Alizaliwa upande wa Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, akatekwa, akauzwa, akafikishwa pwani kama watumwa wengine wengi wa wakati ule. Rebmann alikaa naye na kuandika lugha yake, neno baada ya neno, tangu miaka ya mwanzo ya 1850. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa ameshafariki, Krapf akiwa msimamizi wa uchapaji. Ni miongoni mwa kamusi za kwanza kabisa za Kichewa. Hebu fikirini: mtu aliyenyang'anywa nyumba, ndugu na uhuru, amekaa kivulini mbali na kwao, anamsomea mgeni majina ya mimea, ya vyombo, ya jamaa, ya ngoma, na yote aliyoyabeba kichwani yanaingia kwenye karatasi. Maneno ni ya Salimini. Mkono wa kuandika ni wa Rebmann. Jina la Salimini halikubaki kwenye jalada.

Ni vivyo hivyo kwa kazi zote zilizotoka Rabai. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ndani yake mna kazi waliyoifanya pamoja tangu miaka ya 1840. Kiswahili chake ni cha Mvita, na wazee wetu wa Mombasa walioifungua mwaka huu kwenye kikao cha kamati walicheka kwa furaha kukuta maneno waliyoyasikia kwa bibi zao. Kabla ya hapo, Krapf alikuwa ametafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Msomi wa Kiislamu alikaa na mchungaji wa Kilutheri wakatafuta Kiswahili fasaha cha maandiko ya Musa. Na lugha yenyewe haikuwa ikingoja kuandikwa na Mjerumani. Ilikuwa na tenzi zake kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na Krapf mwenyewe alituma miswada ya tenzi hizo Ujerumani mwaka 1854, ikahifadhiwa Halle.

Kisha kuna ramani. Rebmann na Erhardt walikusanya habari kwa wafanyabiashara wa misafara, Waswahili na Waarabu waliokuwa wakienda bara na kurudi, Erhardt akiwa amekaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854 kwa ajili hiyo. Kila mfanyabiashara alitaja maji makubwa mwisho wa njia yake. Wakadhani maji hayo yote ni ziwa moja, wakachora ziwa refu lililojipinda kama konokono asiye na nyumba. Ramani ilichapishwa Ulaya mwaka 1856. Ilikosea kwa kuyaunganisha maziwa matatu, lakini haikukosea kwamba maji yapo, na wafanyabiashara walikuwa wamesema kweli kila mmoja kwa njia yake. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitumwa kwenda kuhakikisha, wakaanza safari ya bara mwaka 1857.

Rebmann alirudi Ulaya mwaka 1875. Kwa kuwa haoni, aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kupokea dini huko Rabai. Nyondo alimvusha bahari akamfikisha huku. Wazee husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Rebmann alirejea mahali anapoweza kwenda kwa miguu kutoka kijiji alichozaliwa: aliishi Korntal, karibu na Krapf, akaoa mara ya pili, akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf alifariki hapohapo tarehe 26 Novemba 1881. Wote wawili wamezikwa Korntal.

Habari za Zimmermann wengi wetu tulizisikia kwa mara ya kwanza mwaka huu, na nashukuru, kwa sababu zimetufungua macho. Kabla ya kwenda Basel alijifunza kuoka mikate. Mwaka 1850 alipelekwa Christiansborg, Osu, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Accra. Hakukaa muda akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu akakaribia kufa, na aliyemponya ni mganga wa kienyeji kwa dawa za miti. Inaonekana hakulisahau hilo. Mwaka 1851 alimwoa mwalimu wa shule ya wasichana, Catherine Mulgrave.

Bibi huyu anastahili taarifa yake peke yake. Alizaliwa Luanda, Angola, akatekwa akiwa mtoto na wafanyabiashara wa watumwa Wareno. Meli ilivunjika kwenye pwani ya Jamaika, akaokolewa, akalelewa chini ya ulinzi wa gavana wa kisiwa, Lord Mulgrave, aliyempa jina hilo, akasomea ualimu. Mwaka 1843 alivuka tena bahari, safari hii kwa hiari, pamoja na Wakristo wa Jamaika waliokwenda kusaidia kazi ya misheni ya Basel huko Gold Coast, Ghana ya leo. Alikuwa ameolewa na mmisionari mwingine, ndoa ikavunjika, naye akabaki na watoto wawili na shule yake. Zimmermann alipomwoa, kamati ya Basel haikufurahi hata kidogo. Mwisho ilikubali, na Zimmermann kwa upande wake alikuwa tayari ahesabiwe kuwa mtu wa Afrika. Mwaka 1851, ndugu zangu! Mwana wa kijiji cha Württemberg alipewa nafasi ya kuchagua kati ya heshima ya wenziwe na mke wake, akamchagua mke wake.

Kazi yake ya lugha ni kubwa. Sarufi yake ya Kiga, lugha ya Waga wa Accra, ilichapishwa Stuttgart mwaka 1858, na Biblia nzima kwa Kiga ilitoka mwaka 1866. Waingereza walipoipiga Osu kwa mizinga mwaka 1854 baada ya watu kukataa kodi ya kichwa, Zimmermann na waumini walihamia Abokobi na kuanza makazi mapya. Mwaka 1859 alikwenda Odumase, kwa Wakrobo, kwa Mfalme Odonkor Azu. Aliishi Afrika zaidi ya miaka ishirini. Ugonjwa ndio uliomrudisha Gerlingen, akafariki hapo tarehe 13 Desemba 1876. Catherine aliishi hadi mwaka 1891 akafariki Christiansborg, na wanafunzi wake walikuwa wamejaa pwani yote ile.

Sisi si Waga, na mwanachama mmoja aliuliza kwa nini chama cha Kiswahili kijishughulishe na habari za Accra. Jibu langu ni kwamba tumechunguza mji, na mji una wana wake wote. Ukiwasoma wawili hawa kwa pamoja, unaona tofauti ambayo usingeiona kwa mmoja. Rebmann alikaa Rabai miaka 29 akabaki mgeni anayeheshimiwa. Zimmermann aliingia ndani ya ukoo.

Matembezi ya chama tuliyafanya kiangazi, na mahudhurio yalikuwa mazuri kuliko matembezi yoyote ya karibuni. Tulianzia Petruskirche, kanisa la kale la mji, ambako amezikwa pia Johann Caspar Schiller, baba wa mshairi Friedrich Schiller. Mzee Schiller hakuzaliwa Gerlingen. Alikuwa msimamizi wa vitalu vya miti vya mtawala katika kasri la Solitude, kilimani juu ya mji, na maelfu ya miti ya matunda ya nchi hii ilitoka mikononi mwake. Alifariki mwaka 1796. Tuliipita mitaa ya zamani, tukafika kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Rebmann, kisha tukapanda kwenye mizabibu hadi Solitude. Watoto walikuwa wamepewa kazi ya kutafuta tarehe kwenye mawe na vibao, na walizileta nyingi kuliko tulivyotegemea. Nawashukuru kina mama waliopika. Pilau ililiwa juu ya kilima, na wapita njia walioongozwa na harufu nao walikaribishwa.

Sasa nifike penye mjadala, kwa sababu ulikuwa mkali na sitaki taarifa hii iufiche. Kwenye kikao cha vuli baadhi yenu mlisema wazi: hawa ndio waliofungua njia. Ramani ya Rebmann na Erhardt ilimleta Burton, Burton akaleta wengine, na mwaka 1884 akaja Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta makoloni, na karatasi zake za mikataba Usagara. Mzee wetu mmoja, ambaye babu yake alisimuliwa habari za Maji Maji na walioziona, alisema hataki kuona chama chetu kikiwapamba wamisionari.

Mzee yuko sahihi kwamba njia ilifunguka. Huo ni ukweli wa historia na kijitabu chetu kitausema. Lakini nami nilisema siku ile, na narudia leo nikiwa mwenyekiti: Peters naye ni mzaliwa wa mji mdogo wa Kijerumani, Neuhaus, kando ya mto Elbe, mwaka 1856. Miji midogo ya nchi hii imetoa watu wa kila namna, na kazi yetu ni kuwapima mmoja mmoja kwa alichokifanya. Rebmann alifariki miaka minane kabla ya mikataba ile. Hakuchukua ardhi ya mtu na hakumpiga mtu. Alikuwa na ukali wa dini yake na aliziona mila za watu kuwa giza. Barua zake zinasema hivyo bila kuficha, nasi hatutaficha. Pia ndiye aliyekaa na Salimini. Yote mawili ni yake.

Linaloniuma mimi ni jambo lingine. Tulipokusanya vitabu na vijitabu vilivyoandikwa kuhusu wazaliwa hawa, majina ya wenyeji waliofanya nao kazi yalikuwa yamewekwa pembeni, mara nyingi bila jina kabisa: “kiongozi wa msafara”, “mtumishi”, “mtoa habari”. Kumbe majina yapo, na wamisionari wenyewe waliyaandika kwenye shajara zao. Kiongozi wa msafara wa Uchagani ni Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia zile kabla Rebmann hajajua kusema “hujambo”. Kadhi ni Sheikh Ali bin Muhyiddin. Wakristo wa kwanza wa Rabai ni pamoja na Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa mgonjwa wa kufa, na Abe Ngoa aliyeendelea baada yake. Aliyemwongoza kipofu hadi Württemberg ni Isaac Nyondo. Huko Ukambani, Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa mgeni wa Kivoi, kiongozi wa Wakamba. Waliofika Rabai mwaka 1864 kutoka Nasik, India, waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa, ni William Jones, Ishmael Semler na George David. Bila watu hawa Gerlingen isingekuwa na cha kukumbuka zaidi ya tarehe za ubatizo wa watoto wawili.

Kwa hiyo kamati imeamua, na inaomba idhini yenu leo, kwamba mwaka ujao tutoe kijitabu cha Kiswahili na Kijerumani kuhusu wazaliwa wa Gerlingen na wenzao wa Afrika. Kila aliyetajwa hapo juu awe na ukurasa wake, na jina la Bwana Kheri lichapwe kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la Johannes Rebmann. Pasipo na picha, paachwe nafasi wazi. Katibu ameshaanza kuandika sehemu ya Rabai. Sehemu ya Accra tungependa iandikwe na Mghana, na tumeshazungumza na marafiki wa hapa jirani ambao wameonyesha nia.

Naomba wanachama watusaidie kwa mambo haya. Wanaotoka Kilifi, Kaloleni na Mombasa, mkienda likizo, fikeni Rabai. Makumbusho yako kwenye kanisa la zamani, na nyumba za wamisionari ziko karibu yake. Pigeni picha, lakini zaidi ya picha, kaeni na wazee muwaulize wanachokikumbuka kuhusu koo za Abe Ngoa na Nyondo, na muandike kama walivyosema. Wanaosoma Kijerumani cha zamani, hasa mwandiko wa mkono, wajitokeze, tunawahitaji sana. Walimu wa Jumamosi wameomba watoto wakubwa wapewe kurasa za kamusi ya Krapf wazisome na babu na bibi zao kwa simu, na waandike ni maneno yapi bado yanatumika nyumbani. Mimi nimekubali kabla ya kuuliza kamati, na natumaini kamati itaniunga mkono.

Matembezi ya mwaka ujao yatakuwa Korntal, kwenye makaburi ya Rebmann na Krapf. Tutakwenda na maua, na Waislamu na Wakristo tutakwenda pamoja kama tunavyofanya siku zote. Wale ambao hawataki kusimama makaburini kwa sababu walizozieleza kwenye kikao cha vuli, nimezungumza nao: watatungoja kwenye bustani ya jirani, na chakula kitaliwa huko, ili tusigawanyike.

Kuhusu uongozi: muda wa katibu na wa wajumbe wawili wa kamati umekwisha kwa mujibu wa katiba, na fomu za kugombea ziko mezani kwa msimamizi wa uchaguzi. Vijana, chukueni fomu. Muda wangu mimi una mwaka mmoja zaidi, nami nautaka kwa ajili ya kijitabu hiki.

Naiweka taarifa hii mbele yenu kwa maswali na kwa kupitishwa. Baada ya hapo mweka hazina atasoma hesabu, ikiwemo makadirio ya gharama za uchapaji.